Nimecheza 5.f3 ya Carlsen kwenye rapidi nimepigwa muvu 11. Kosa ni langu au ni ufunguzi wenyewe?

PawniYaTandika

Wakuu habari za Jumapili. Jana tulikuwa na mashindano madogo ya chesi ya rapidi (gemu za haraka) hapa Dar, dakika 15 na nyongeza ya sekunde 5, raundi sita kwa siku moja. Mpaka raundi ya tatu nina pointi mbili na nusu nikawa najiona mtu kweli, raundi ya nne nikapangwa na dogo mmoja wa sekondari, mpole, kavaa sare ya shule jumamosi, nikasema huyu namalizana naye mapema nikale chipsi.

Mimi nina nyeupe. Sasa kiukweli mimi Sisiliani (nyeusi akijibu e4 kwa c5) inanisumbua sana, ina matawi mengi, kuna Najdorf kuna Dragon kuna nini sijui, muda wa kukariri yote hayo sina, nina kazi na watoto wawili. Wiki iliyopita nikawa naangalia ile gemu ya mwisho ya Carlsen na Karjakin wakigombea ubingwa wa dunia New York 2016, ile ya malkia h6, nikaona Carlsen kwenye hatua ya tano hakuleta farasi c3 kama watu wote, kaweka tu f3. Nikasema hapohapo, hii ndiyo yangu. Bingwa wa dunia kaicheza kwenye gemu ya kutetea ubingwa, mimi ni nani niikatae.

Gemu ilikuwa hivi (N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme, x ni kula, + ni cheki, nukta tatu ni muvu ya nyeusi):

1.e4 c5 2.Nf3 d6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6 5.f3 e5 6.Nb3

Mpaka hapa ni Carlsen mtupu, muvu kwa muvu. Karjakin hapa alicheza 6...Be7 Carlsen akaleta 7.c4. Dogo yeye bila hata kufikiri akasukuma 6...d5. Nikakaa dakika kama tatu, nikasema sawa tule:

7.exd5 Nxd5 8.c4

Nikafurahi maana c4 yangu imepatikana na inamfukuza farasi juu. Dogo akaleta 8...Bb4+ nikaziba na 9.Bd2, sasa nagusa askofu wake na pawni inagusa farasi wake, vitu viwili. Akanyanyua farasi polepole akamweka e3.

9...Ne3

Nikacheka moyoni kabisa. Farasi kaingia mdomoni mwa askofu. Nikamshika askofu wangu wa d2 nimle, mkono uko hewani ndio nikaona pini. Askofu wa b4 anatazama mfalme wangu e1. Siwezi kula farasi, mfalme atabaki kwenye cheki. Nikamrudisha askofu taratibu nikajifanya nilikuwa namweka sawa, dogo akasema kwa sauti ndogo tu "umegusa, bro". Mwamuzi alikuwa meza ya pili akasikia. Ikabidi askofu atembee na njia yake ni c3 au kula b4 basi, nikala b4, 10...Qxd1+ malkia kaenda, mfalme ana mraba mmoja tu f2, nikaenda nikaangalia ubao kama nusu dakika nikampa mkono. Saa yangu ilikuwa bado ina dakika 9 na kitu. Chipsi sikula.

Maswali yangu matatu: hii f3 ni ufunguzi wa kweli au Carlsen alikuwa anatania? Nilikosea wapi hasa, maana injini (programu ya kuchambua gemu) kwenye simu inanipa namba tu hainielezi? Na la tatu linaniuma zaidi, kwa nini Karjakin naye hakucheza hiyo d5 kama dogo wa sekondari ameiona?

---

kete_za_githurai

Pole boss, hiyo "umegusa, bro" imenichoma hata mimi niko huku Nairobi 😂

Nikujibu kwanza la ufunguzi. Hiyo ni ya ukweli kabisa, ina jina, inaitwa Prins, imetokana na Lodewijk Prins yule Mholanzi. Kwa hivyo Carlsen hakuamka asubuhi akaibuni. Wazo lake ni rahisi sana ukilielewa, pawni yako ya e4 inaguswa na farasi wa f6 sindio, lazima uilinde. Watu wengi wanailinda na Nc3. Shida ya Nc3 ni kwamba huyo farasi amekaa mbele ya pawni yako ya c, sasa hiyo pawni haiendi popote. Ukilinda na f3 njia ya c inabaki wazi na sasa unaeza weka c4. Pawni ya c4 na pawni ya e4 pamoja zinashika d5 kama koleo, mweusi hawezi pumua katikati. Huo mtego ndio unaitwa Maróczy, jina la yule mzee wa Hungaria Géza Maróczy.

Sasa soma hiyo sentensi tena, zinashika d5. Lengo lote la f3 ni d5 isisukumwe. Dogo alisukuma d5 KABLA haujaweka c4. Hapo mpango wako umekwisha, hauna tena kazi, na c4 yako ya muvu ya 8 haikuwa inashika kitu, d5 ilikuwa ishatoka kitambo. Ulifunga mlango wa zizi na ng'ombe ako barabarani.

Kwa hivyo blanda, lile kosa kubwa, si 9.Bd2. Blanda ni 8.c4. Ukishaifanya na yeye akileta Bb4+ hauna jibu tamu, jibu lenye halikuui haraka ni kutembeza mfalme na nani anataka kutembeza mfalme muvu ya tisa.

---

PawniYaTandika

Dah. Nimeelewa. Lakini si nilikuwa namfukuza farasi? Kwenye vitabu wanasema ukimfukuza mtu unapata muda.

---

kete_za_githurai

Unapata muda kama hana kwa kwenda. Huyu alikuwa na kwa kwenda, alikuwa na e3, na ndio akakufanya uweke askofu d2 mwenyewe kwanza. Angalia vile ni kali: kama hajakupiga cheki kwanza na anaruka Ne3 moja kwa moja, wewe unakula malkia wake d8 kwa cheki, mfalme anakula, halafu askofu wako wa c1 anakula farasi bure. Kazi ya Bb4+ ilikuwa kukufanya UZIBE laini ya d kwa mkono wako. Ukiweka askofu d2 malkia wako haoni tena d8, na huyo askofu mwenyewe amepigwa pini hawezi kula e3. Kitu kimoja kimekufungia milango miwili. Huyo mtoto si mpole.

---

Mzee_wa_Kitunda

Salaam alaykum vijana. Mimi ni mtu wa Mombasa, umri ushasogea, sataranji nimeanza kucheza kabla hamjazaliwa nyote wawili pengine. Mwasema pawni pawni, sisi kwetu baba alikuwa akiita kitunda, hata sijui hiyo pawni imeingia lini. Lakini tusigombane kwa jina.

Mwanangu wa Tandika, kwanza pole. Pili, kwa hilo la kugusa mtoto alikuwa na haki. Ukitaka kumweka kete sawa wasema mapema kabla hujanyoosha mkono. Ukinyamaza ukashika, umeshika. Na ungelikuwa hukushika ungelicheza nini? Nimeiweka hapa kwenye ubao wangu wa mbao nikaitazama. Malkia kwenda e2. Atakupiga Nc2+, farasi agusa mfalme na ngome ya a1 kwa pamoja, wala malkia wako e2 hawezi kumla kwa kuwa d2 kuna askofu wako mwenyewe kakaa njiani. Mfalme aenda d1, yeye ala ngome, wewe wala farasi kwa farasi wa b3. Umepoteza ngome kwa farasi. Mbaya, lakini mchezo upo, na saa ina dakika tisa. Mtu wa pili huenda akachoka, huenda akakosea. Wewe ulipoteza malkia kwa haraka ya mkono. Kwenye rapidi nimeona watu wengi waanguka kwa mkono kuliko kwa akili.

Tatu, hili la Karjakin wasubiri wajuzi, lakini mimi nina langu la kusema nikipata nafasi, sasa hivi naitwa kula.

---

SiChezeiBao

Samahani naingilia. f3 ni takataka tu tusidanganyane. Unacheza e4 unataka kushambulia halafu unaziba farasi wako mwenyewe mraba wa f3 na unafungua mshazari wa g1 mpaka a7. Kama huwezi kukariri Najdorf cheza kitu kingine kabisa, cheza c3 hatua ya pili, au cheza d4 achana na e4. Nimemaliza.

---

kete_za_githurai

@SiChezeiBao hiyo "takataka" ilimpa mtu ubingwa wa dunia 30 Novemba 2016, siku yake ya kuzaliwa akitimiza miaka 26. Sisemi ni bora kuliko Nc3, sio bora, hata Carlsen mwenyewe si kila siku anaicheza. Lakini takataka ni neno kubwa.

Na farasi wake hayuko g1 tena, ashafika d4 akarudi b3, huo mraba wa f3 anautakia nini?

---

SiChezeiBao

Sawa nimekubali hilo la farasi. Mshazari bado upo.

---

Tabora_Rapidi

Nimesoma uzi wote ndio naandika. Mimi huwa nasimamia na kufundisha vijana kidogo huku kwetu na hiyo gemu ya New York nimeionyesha darasani mara nyingi sana, kwa hiyo nianze na swali la tatu maana ndilo lenye nyama.

Kwa nini Karjakin hakusukuma d5. Lazima ujue walikuwa wamekaa wapi. Mechi ya kawaida ya gemu 12 iliisha sita kwa sita, Karjakin kashinda ya nane, Carlsen kashinda ya kumi, nyingine zote dro. Wakaenda rapidi gemu nne, dakika 25 na sekunde 10 za nyongeza kila muvu. Ya kwanza dro. Ya pili Carlsen alikuwa anashinda kabisa Karjakin akajitetea mpaka akaponyoka na dro. Ya tatu Carlsen na nyeusi akashinda. Kwa hiyo ya nne, hii tunayoizungumza, Carlsen anahitaji dro tu, Karjakin na nyeusi ni ushindi au aende nyumbani. Ndio maana akacheza Sisiliani maana ukijibu e4 kwa 1...e5 ukapewa kitu kikavu umekwisha.

Sasa chukua nafasi ileile baada ya 6.Nb3, weka d5. Nyeupe anakula 7.exd5, nyeusi akila na malkia wanabadilishana malkia d5 farasi anabaki pale, au nyeupe akicheza 7.Bg5 kwanza ikaja Be6 na kula d5 tena malkia wanaondoka. Ubao umesafishwa, hakuna malkia, pawni zimelingana, kila mtu yuko salama. Kwa dogo wa sekondari hiyo ni habari njema sana. Kwa Karjakin hiyo ni dro mkononi na dro kwake ni kushindwa. Kwa maoni yangu d5 aliijua vizuri tu, mtu wa kiwango kile hawezi kukosa kuijua, ila alihitaji malkia wabaki ubaoni. Akacheza Be7 akijua c4 inakuja, akaingia kwenye koleo kwa hiari yake ili apate mchezo mrefu wenye kete nyingi.

Na hapo ndio unaona Carlsen alichagua nini. f3 yake haikuwa ya kumuua mtu. Alichagua kitu ambacho ukitaka usawa nakupa hapohapo tupeane mkono mimi bingwa, ukitaka fujo lazima ujibane mwenyewe kwanza. Mkuu wewe wa Tandika ulikuwa raundi ya nne una pointi mbili na nusu, unataka kushinda, halafu ukachukua silaha ya mtu anayetosheka na dro. Sio kosa la silaha.

---

PawniYaTandika

Aisee Tabora umeniamsha. Mimi niliangalia ile malkia h6 tu, hata sikujua kwamba dro ilikuwa inamtosha.

Hivi ile h6 ilitokeaje, maana nimeiangalia mara kumi na kila mara naona kama muujiza, kete zote zimekaa tu halafu puu.

---

Tabora_Rapidi

Haikuwa muujiza, na kuna pawni moja ndogo inafanya kazi yote hakuna anayeisifia.

Nenda muvu ya 20 hivi. Karjakin anasukuma pawni yake h5, halafu h4, anatafuta fujo upande wa mfalme maana upande mwingine kabanwa. Carlsen anaweka g3. Muvu ya 29 Carlsen anakula, gxh4. Ukiangalia unasema huyu kaharibu pawni zake, sasa ana pawni mbili laini ya h, moja nyuma ya nyingine, h2 na h4, mfalme wake hana pawni ya g. Kwenye vitabu ni vibaya. Wanabadilishana kete kete, muvu ya 39 ile pawni inaenda h5. Inakaa. Hakuna anayeishughulikia.

Mwishoni Karjakin anaingia, ngome a2 cheki, Carlsen mfalme h1, malkia f2. Angalia ubao hapo, nyeusi anatishia kumaliza g2 au h2, nyeupe akifanya muvu moja ya kawaida amekufa. Yaani mtu ambaye ameshinda gemu nzima yuko muvu moja na kifo. Carlsen 49.Rc8+ mfalme h7, halafu 50.Qh6+.

Mfalme akila malkia, ngome h8 mati, yaani cheki isiyo na pa kukimbilia, gemu imeisha. Jaribu kukimbia: h7 ngome inaiona, g5 ngome ya f5 inaiona, kula h5 haiwezekani f5 inailinda, g6 je? g6 inashikwa na pawni ya h5. Haya pawni ya g ikila malkia, ngome inakula f7 mati, mfalme g8 na h8 ziko mkononi mwa ngome ya c8, g6 je? pawni ya h5 tena. Njia zote mbili mlango wa mwisho ni g6 na mlinzi wake ni ileile pawni iliyotoka g ikala h4. Karjakin hakusubiri, akatoa mkono.

Darasani huwa naiondoa ile pawni ya h5 nawaambia vijana jaribuni tena h6, hakuna mati, mfalme anatoka g6 anaondoka zake na wewe huna malkia. Wanashangaa sana.

---

Mzee_wa_Kitunda

Nimerudi. Alhamdulillah wali ulikuwa mzuri.

Huyu wa Tabora amesema lililokuwa rohoni mwangu kuhusu Karjakin tena kalisema vizuri kunishinda. Nitaongeza moja. Muvu ya 15 ya gemu ile Carlsen asukuma kitunda cha b hatua mbili, Karjakin amla njiani (en passant, kitunda kikiruka hatua mbili kikapita kando ya kitunda cha mwenzio chaweza kuliwa hapohapo). Vijana wangu wawili niliowafundisha hapa nyumbani waliniambia babu hapo amekosea sheria. Nikawaambia someni sheria. Wachezaji wa dunia wacheza kula njiani kwenye fainali, na nyinyi mwadhani ni uongo wa babu.

Na wewe Tandika, kuazima mchezo wa mtu si haramu, lakini nguo ya kuazima haisitiri... malizia mwenyewe.

---

PawniYaTandika

😂😂 shikamoo mzee. Nimeimaliza.

---

Mzee_wa_Kitunda

Marahaba mwanangu.

---

binti_wa_e4

Mimi nacheza Prins mwaka wa pili sasa kwenye rapidi mtandaoni na ana kwa ana kwa hiyo naomba niseme kwa uzoefu sio kwa Carlsen.

Baada ya 5...e5 USIRUDISHE farasi b3 haraka. Weka 6.Bb5+ kwanza. Hiyo cheki inavuruga ile d5 maana lazima aizibe kwanza. Akiziba na farasi d7 kuna 7.Nf5, farasi anaruka mbele badala ya kurudi nyuma, na hapo uwe macho maana wanaojua bado wanasukuma d5 hivyohivyo kwa kutoa pawni na mchezo unawaka moto. Akiziba na askofu unabadilishana askofu d7, na yule askofu wake wa mraba mweupe kuondoka ni faida yako maana ndiye angelinda mraba wa d5 na f5. Mimi ninaokutana nao wengi wanaziba na askofu bila kufikiri, sijui kwa nini, nadhani wanaogopa pini.

Na kama ushafika pale pako, 6.Nb3 d5 7.exd5 Nxd5, cheza tu 8.Bb5+ halafu ficha mfalme (ile castling, mfalme na ngome kwa muvu moja). Ukishaficha mfalme hakuna Bb4+ ya kukutisha tena, hakuna Ne3, hakuna "umegusa bro". Utakuwa sawa kwa sawa, sio zaidi. f3 haikupi zaidi ya hapo kama mtu anaijua. Inakupa kitu kimoja tu, wengi hawaijui. Mtu kakariri Najdorf hatua 20, unaweka f3, unaona anakaa anakuna kichwa dakika nzima, kwenye gemu ya dakika 15 hiyo dakika ni pesa.

Ila ukikutana na anayeweka e5 na d5 bila kukuna kichwa, jua huyo kakaa nayo usiku.

---

PawniYaTandika

Huyo dogo hakukuna kichwa hata kidogo.

Binti asante sana, 6.Bb5+ nimeiandika ukutani. Kwani akicheza 5...Nc6 badala ya e5?

---

binti_wa_e4

Hapo ndio sherehe, 6.c4 haraka bila kuuliza. Hiyo ndio koleo yenyewe aliyosema kete_za_githurai. Ukiipata usikimbilie kushambulia, weka kete zako vizuri, mtu atajinyonga mwenyewe kwa kukosa nafasi. Akija Qb6 kukusumbua farasi wa d4 mrudishe c2, usihangaike.

---

SiChezeiBao

Narudi kusema tu nimejaribu f3 mtandaoni gemu tatu. Nimeshinda mbili. Sitaki maswali.

---

kete_za_githurai

Na mshazari?

---

SiChezeiBao

Nimesema sitaki maswali.

---

PawniYaTandika

Mrejesho wakuu, Jumamosi nyingine. Leo hakukuwa na mashindano ila dogo nilichukua namba yake siku ile, tukapanga tucheze mtandaoni dakika 15 na 5 kama kawaida. Nikamwambia nakuja na ileile. Akasema karibu.

1.e4 c5 2.Nf3 d6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6 5.f3

Nasubiri e5 nimpige Bb5 cheki ya binti, nimeisoma wiki nzima mpaka mke wangu anajua ni nini. Dogo akacheza 5...Nc6.

Nilikaa kwenye hiyo 6.c4 kama mtu aliyeokota pesa. Nikaiweka. Akaleta Qb6, nikarudisha farasi c2, kila kitu kama binti alivyosema. Pawni c4 na e4 zimekaa pale, d5 haisukumiki hata kwa trekta. Nikasema sasa leo.

Halafu sikujua cha kufanya. Yaani kweli kabisa, nina nafasi nzuri na sijui ifuatayo ni nini. Nikaweka askofu e3, malkia d2, nikaficha mfalme, nikazungusha ngome d1 ngome c1, dogo naye anazungusha zake nyuma huko kabanwa. Nikila muda nafikiria nisiharibu. Mara saa inasoma dakika 2, mara sekunde 40. Tukarudia nafasi ileile mara tatu, kompyuta ikasema dro.

Dogo akaandika kwenye chati "nimeponea leo". Nikamuuliza mbona hukucheza e5 na d5 kama siku ile. Akasema anasoma huu uzi.

---

Mzee_wa_Kitunda

Huyo mtoto mlete hapa.